Chama cha madalali kitamlinda nani?

JUMAMOSI moja ya baridi kali nilikwenda kwenye mkutano wa "uwekezaji nyumbani" hapa Regent Park, mashariki kidogo ya katikati ya jiji la Toronto. Ukumbi wa jumuiya, viti vya plastiki, chai ya tangawizi kwenye chupa kubwa, mandazi kwenye sinia. Kampuni moja kutoka nyumbani, ambayo sitaitaja, ilikuwa imeleta vijana wawili wenye suti na projekta. Wakatuonyesha viwanja ukutani: nyasi za kijani, barabara za lami zisizo na shimo hata moja, watoto wanaendesha baiskeli. Bei ni nafuu, wakasema, ila mwisho wa mwezi inapanda.

Walipomaliza, mama mmoja wa makamo anayefanya usafi wa usiku hospitalini akanyoosha mkono. "Wanangu," akasema, "mimi sina swali la kiwanja. Nikikupeni hela yangu leo, kesho nisiwaone, nikawashitaki kwa nani?"

Ukumbi ukacheka. Kijana mmoja akajibu kwa adabu: "Shikamoo mama. Wala usiwe na wasiwasi. Kampuni yetu ni mwanachama wa chama cha wataalamu wa milki. Cheti chetu hiki hapa." Akakionyesha ukutani, kina nembo na mhuri. Watu wakapiga makofi. Mama akaitika marahaba na kukaa, lakini niliyekaa jirani yake nilimwona hajaridhika.

Wala mimi sikuridhika, na ndiyo sababu ya makala haya. Yule kijana hakusema uongo. Inawezekana kabisa kampuni yake ni mwanachama wa chama halali. Tatizo ni kwamba mama aliuliza swali moja, akajibiwa swali jingine. Yeye aliuliza nani ana mamlaka ya kumwadhibu dalali. Akajibiwa kwamba dalali ana marafiki.

Ndugu msomaji, niseme wazi kwamba nina kidonda changu. Miaka kadhaa kabla sijaondoka nyumbani nilinunua kiwanja nje kidogo ya Dar es Salaam kupitia dalali niliyeletewa na jamaa yangu. Nililipa, tukaandikishana mbele ya ofisi ya serikali ya mtaa, asilimia kumi ya ofisi ikatolewa, mashahidi wakatia sahihi. Nilikuja kugundua kuwa kiwanja kile kimeuzwa kwa watu watatu, na mimi nilikuwa wa pili. Dalali nilimpata kwa simu. Hakukimbia, wala hakukana. Alisema tu kwamba yeye alikuwa anaunganisha watu, mambo ya umiliki ni ya muuzaji. Na kisheria sikujua nimshike wapi. Muuzaji alikuwa amekwisha fariki dunia. Basi.

Sasa njoo Regent Park. Mtaa huu ulianza kujengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kama mradi mkubwa wa kwanza wa nyumba za umma nchini Kanada. Baada ya nusu karne nyumba zilikuwa zimechakaa, na mtaa umebandikwa jina baya. Mwaka 2005 wakaanza kuubomoa na kuujenga upya kwa awamu: shirika la nyumba la jiji likashirikiana na mjenzi binafsi, kampuni ya Daniels, na kwa awamu za mwisho ikachaguliwa Tridel. Mpango ni kurudisha nyumba za wapangaji wa kipato cha chini, zaidi ya 2,000, wanaolipa kodi kwa kadiri ya mapato yao, na kuchanganya na maelfu ya fleti za kuuzwa sokoni. Kwa hiyo kwenye jengo la upande huu wa Dundas anaishi mkimbizi anayelipa karibu asilimia 30 ya kipato chake, na upande wa pili anaishi kijana wa benki aliyenunua fleti kabla haijajengwa, kwa kuangalia picha ukutani kama sisi tulivyoangalia viwanja.

Hapo ndipo pa kulinganisha. Yule kijana wa benki naye alinunua picha. Tofauti ni nini kilichosimama nyuma ya ile picha.

Aliyemuuzia, kama ni wakala, lazima awe ameandikishwa na chombo kinachoitwa Real Estate Council of Ontario, kwa kifupi RECO, kilichoanza kazi mwaka 1997. Jina la kila wakala liko kwenye intaneti, pamoja na adhabu alizowahi kupewa. Fedha za arubuni haziingii mfukoni mwa wakala wala kwenye akaunti ya kuendeshea ofisi. Zinatakiwa kuwekwa kwenye akaunti maalumu ya amana ndani ya siku tano za kazi. Kila wakala ni lazima awe ndani ya bima ambayo, pamoja na mambo mengine, inafidia arubuni ikipotea. Akivunja maadili, kamati ya nidhamu inaweza kumtoza faini hadi dola 50,000, na kampuni yake hadi dola 100,000. Sheria inayosimamia haya ilifanyiwa marekebisho makubwa, na sehemu yake muhimu ikaanza kutumika tarehe 1 Desemba 2023.

Angalia kwamba sijataja chama. Vyama vipo, na vina nguvu. Chama cha mawakala wa jimbo zima, OREA, ni cha mwaka 1922. Cha hapa Toronto ni cha 1920 na wanachama wake ni makumi ya maelfu. Vinatoa semina, vinaendesha mfumo ambamo nyumba zinatangazwa, vinakutana na mawaziri, vinatetea maslahi ya wanachama. Hiyo ni kazi halali ya chama. Lakini chama hakitoi leseni. Hata mafunzo ya kupata leseni, ambayo kwa miaka mingi yaliendeshwa na OREA, mwaka 2019 yalihamia chuo cha Humber.

Kwa nini walitenganisha? Kwa sababu historia iliwafundisha, na mafunzo hayakuwa ya bure.

Chukua Marekani. Chama cha kitaifa cha mawakala wa nyumba kilianzishwa Chicago mwaka 1908. Kilijisifu, na kwa haki, kwamba kilileta maadili katika biashara iliyojaa matapeli. Lakini mwaka 1924 kanuni hizo hizo za maadili ziliwekewa kipengele kilichomkataza mwanachama kuingiza kwenye mtaa watu wa rangi au taifa ambalo lingeshusha thamani ya nyumba. Yaani kumuuzia mtu mweusi nyumba kwenye mtaa wa weupe lilikuwa kosa la kimaadili! Maneno ya rangi na utaifa yaliondolewa mwaka 1950. Chama kikaja kuomba radhi rasmi kwa historia hiyo mwaka 2020. Na mwaka 2024 chama hicho kilikubali kulipa dola milioni 418 kumaliza kesi za wauza nyumba waliodai kwamba kanuni zake ziliwalazimisha kubeba kamisheni ya wakala wa mnunuzi.

Hapa Toronto nako, chama cha mawakala kiligombana kwa miaka na mamlaka ya ushindani wa biashara ya Kanada, kikikataa mawakala wa mtandaoni wasiwaonyeshe wateja bei ambazo nyumba zimeuzwa. Kilisema kinalinda faragha. Baraza la ushindani mwaka 2016 halikukubali, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Kanada ikakataa hata kusikiliza rufaa. Leo mtu yeyote anaweza kujua jirani aliuza kwa bei gani, na faragha haijafa.

Sizungumzi haya kuvitukana vyama. Chama ni mali ya wanachama wake, na kazi yake ya kwanza ni kuwatunza. Chama cha wafanyakazi kinamtunza mfanyakazi, hatukitegemei kimtunze mwajiri. Kwa nini basi tutegemee chama cha madalali kimtunze mnunuzi? Kikipata mwanachama tapeli kitamfukuza, pengine. Atakwenda wapi? Ataendelea kuuza viwanja bila cheti, kama wenzake wengi wasio na cheti.

Lakini tusiwafanye Wazungu malaika. Wenye kusoma habari za hapa watakuwa wameshaanza kunicheka, maana wanajua kilichotokea mwaka 2025. Kampuni kubwa ya udalali, iPro Realty, yenye ofisi nyingi na mawakala zaidi ya 2,000, ilifungwa mwezi Agosti baada ya kugundulika kwamba kwenye akaunti zake za amana kulikuwa na pengo la zaidi ya dola milioni 10. Hizo ndizo akaunti nilizozisifu aya chache hapo juu. Kibaya zaidi, RECO yenyewe ilikuwa na taarifa tangu Mei. Wateja na mawakala wakaja kuambiwa Agosti. Msajili akaondoka, serikali ya jimbo ikaingilia kati, na kabla ya mwaka kwisha baraza lilikuwa chini ya msimamizi aliyeteuliwa na serikali. Mkaguzi mkuu wa hesabu wa jimbo alikuwa amekwisha liandikia baraza hilo ripoti mwaka 2022.

Iliwezekanaje? Sababu zitachambuliwa na wanaolipwa kuzichambua. Mimi naona moja: RECO inalipwa na mawakala inaowasimamia, na katika bodi yake viti vingi kwa miaka mingi vilikaliwa na watu wa biashara hiyo hiyo. Hakuna haja ya rushwa hapo. Watu waliosoma pamoja, waliofanya biashara pamoja na wanaokutana kwenye hafla moja wanaoneana haya, kama sisi tunavyooneana haya kwenye vikao vya harusi.

Jimbo la British Columbia lilifika hapo mapema. Mwaka 2016 gazeti la Globe and Mail liliandika habari za mawakala waliokuwa wakiuza nyumba moja mara mbili tatu juu kwa juu kabla mauzo hayajakamilika, faida inabaki kwao na kwa wenzao, huku mwenye nyumba wa kwanza hana habari. Kamati huru ikaundwa, ikatoa mapendekezo 28, na waziri mkuu wa jimbo akatangaza kwamba ule utaratibu wa mawakala kujisimamia wenyewe umekwisha. Tangu Agosti 2021 wanasimamiwa na mamlaka ya serikali inayosimamia pia bima na taasisi za fedha. Ontario nako upande wa wajenzi ilifanya jambo linalofanana: shirika moja, Tarion, lilikuwa likitoa leseni kwa wajenzi na papo hapo kutoa dhamana kwa wanunuzi, mpaka jaji mmoja aliyepewa kazi ya kulichunguza akasema kofia hizo mbili hazikai kichwa kimoja. Mwezi Februari 2021 leseni zikahamishiwa chombo kingine.

Kwa hiyo hata hapa wanajifunza, wanakosea, wanarekebisha. Tofauti yetu na wao haiko kwenye utakatifu. Pengo la iPro lilipogundulika kulikuwa na bima ya kuuliza, rejista ya kufungua, waziri wa kupigiwa kelele na gazeti la kuandika. Mimi wa kiwanja changu nilikuwa na namba ya simu ya dalali.

Tuje nyumbani. Kenya huwezi kusema haina sheria. Ina sheria ya mawakala wa nyumba na ardhi, Sura ya 533, ya mwaka 1984, na bodi ya kuwaandikisha. Ina chama cha kitaaluma cha wapimaji, wathamini na wataalamu wa ardhi, ISK, tangu 1969, chenye tawi la mawakala ndani yake. Kwenye karatasi Kenya iliitangulia RECO kwa zaidi ya miaka kumi. Lakini sheria ile iliweka adhabu ya faini isiyozidi shilingi 20,000, au kifungo kisichozidi miaka miwili, kwa anayefanya uwakala bila kuandikishwa. Mwaka 1984 shilingi 20,000 ilikuwa hela. Kwa anayeuza viwanja vya Kitengela au Juja kwa mamia ya elfu kila kimoja, hiyo ni nauli ya kwenda na kurudi mahakamani. Na sheria ile ilimlenga wakala wa kizamani, mwenye ofisi na katibu muhtasi, anayeunganisha muuzaji na mnunuzi. Haikumwona anayenunua shamba la ekari hamsini, akalikata vipande, akatangaza redioni na kwenye televisheni, akakusanya malipo ya kidogo kidogo kwa miaka mitatu kabla hati haijagawanywa. Huyo atakwambia yeye si wakala, anauza mali yake mwenyewe. Na hapo ndipo hela nyingi za wanadiaspora zilipozama.

Hizo si hela ndogo. Mwaka 2024 Wakenya walio nje walipeleka nyumbani karibu dola bilioni 5. Sehemu kubwa ni ada ya shule, dawa na chakula cha wazee. Lakini muulize Mkenya yeyote wa hapa Toronto ana ndoto gani, atakwambia ploti.

Tanzania ni hadithi nyingine, na hapa naomba msomaji anivumilie maana ndipo ninapopajua. Sheria zetu zinamjua dalali wa mnada. Zinamjua dalali wa mahakama, ana kanuni zake na adhabu zake. Zinamjua mthamini: tangu 2016 ipo sheria ya uthamini na usajili wa wathamini yenye bodi yake. Zinamjua mpima ardhi tangu 1977. Mhandisi, mkandarasi na msanifu majengo nao wana bodi zao. (Ukiniuliza kama bodi hizo zinatosha, nitakukumbusha jengo la ghorofa 16 lililoanguka Dar es Salaam Machi 2013 na kuua watu 36, na la Kariakoo Novemba 2024. Lakini angalau tulijua pa kuuliza nani aliidhinisha nini.)

Dalali wa nyumba na viwanja, ambaye Mtanzania wa kawaida atakutana naye mara nyingi kuliko hao wote, ndiye aliyeachwa barabarani. Huyu anakaa kijiweni chini ya mwembe, ana simu mbili na kibao cha mkaa kilichoandikwa "chumba kinapangishwa". Anakutoza hela ya kukuonyesha nyumba hata usipoipenda. Ukiipenda anachukua kodi ya mwezi mmoja, kutoka kwako mpangaji ambaye tayari umedaiwa kodi ya miezi sita au mwaka. Na kama ni kuuza, atauza chochote. Ukitaka kujua jinsi wananchi walivyokata tamaa na ulinzi wa sheria, pita mitaa ya Dar es Salaam usome kuta: NYUMBA HII HAIUZWI. Mtu analazimika kununua rangi na kuandika kwenye ukuta wake kwamba mali yake ni mali yake! Sijaona ukuta wa namna hiyo hapa Regent Park, na hapa watu nao ni maskini.

Kwa miaka mingi Wizara ya Ardhi imezungumzia sheria ya kusimamia sekta ya milki. Mawaziri wamepita, wameahidi, wamehamishwa. Katika pengo hilo vimeota vyama. Kuna cha wathamini na mawakala, kuna cha wataalamu wa milki kwa ujumla wao. Nawaheshimu waliovianzisha. Wengi ni wasomi waliochoka kuchanganywa na watu wa kijiweni, na baadhi yao ndio wanaopiga kelele zaidi wakitaka sheria. Lakini chama kisicho na sheria nyuma yake kina uwezo wa kumkaribisha mwema tu. Mbaya hahitaji kujiunga. Na akijiunga, cheti kinamsaidia yeye kuliko mnunuzi, kama tulivyoona kwenye ule ukuta wa ukumbi wetu.

Mambo mawili yanaifanya hali hii iwe ya haraka zaidi kuliko zamani. La kwanza, mwaka 2025 Bunge lilipitisha marekebisho ya kuwapa hadhi maalumu watu wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nchi nyingine, ikiwemo njia ya kupata ardhi, jambo lililokuwa limezuiwa na Sheria ya Ardhi ya 1999. Wengi wetu tulilililia. Lakini maana yake ni kwamba mlango umefunguliwa kwa maelfu ya wanunuzi walio mbali, wenye haraka, wasiojua bei ya sasa wala jina la mtendaji wa mtaa. Kwa tapeli, hii ni sikukuu. La pili ni fedha chafu. Tanzania iliwekwa kwenye orodha ya nchi zinazoangaliwa kwa karibu kuhusu utakatishaji wa fedha Oktoba 2022 ikatolewa Juni 2025. Kenya iliingizwa Februari 2024. Katika nchi zote duniani majengo ni maficho mazuri ya fedha hizo, na sheria zinamtaka wakala atoe taarifa akimtilia shaka mteja. Dalali wa kijiweni atatoa taarifa kwa nani, kwa fomu gani?

Sasa nifike kwenye kitu kinachonisumbua mwenyewe, maana najua wapo watakaoniandikia.

Mimi ni mwandishi wa habari, na niko hapa kwa sababu ya uandishi. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 iliunda bodi ya ithibati ya waandishi, yaani ili uandike lazima serikali ikutambue, na ikichukia ikufutie. Niliipinga nikiwa nyumbani na ninaipinga bado. Niliona bora baraza letu la hiari, Baraza la Habari Tanzania, tulilokuwa nalo tangu 1995, ambapo wenyewe kwa wenyewe tulisikiliza malalamiko na kukemeana. Mahakama ya Afrika Mashariki pale Arusha mwezi Machi 2019 iliona vifungu vingi vya sheria ile, vikiwemo vya ithibati, havipatani na mkataba wa jumuiya. Je, mimi huyu niliyesema wanataaluma wajisimamie, nipate wapi uso wa kusema madalali wasijisimamie?

Nimelifikiria sana. Jibu langu ni kwamba mwandishi hashiki akiba ya mtu. Nikiandika uongo, unaweza kuandika ukweli, kunishitaki kwa kashfa, au kuacha kunisoma. Uhuru wangu wa kuandika ni haki ya msomaji kabla haijawa yangu, na serikali inayonipa leseni ndiyo ile ile ninayotakiwa kuichunguza. Dalali haichunguzi serikali. Anashika hela za miaka kumi na tano ya kusafisha sakafu za hospitali usiku. Akikosea mara moja, hakuna toleo la kesho la kusahihisha.

Hata hivyo, uzoefu huo umeniachia woga ambao sitaki kuuficha. Bodi ya serikali nayo yaweza kugeuka kuwa mlango wa kula. Nimeona leseni zikiuzwa, nimeona mtu asiyependwa na mkuu wa wilaya akinyimwa kibali cha kuuza hata maandazi. Ukimkabidhi waziri peke yake fimbo ya madalali, miaka miwili haitapita kabla hujasikia kwamba leseni zimekwenda kwa mashemeji, na yule kijana wa chini ya mwembe, ambaye kwa kweli anajua kila nyumba ya mtaa na wengi wao si wezi, amefukuzwa na mgambo kama mmachinga. Kwa hiyo sitaki Ontario ihamishwe kama ilivyo. Kijana huyo hana diploma na hatakuwa nayo. Aandikishwe ngazi yake, kwa ada anayoimudu, kwa kazi ya kupangisha, na akatazwe kupokea fedha ya mauzo. Fedha ya mauzo ipite kwenye akaunti ya amana benki, kwa yeyote anayeuza, awe dalali, kampuni, au "mwenye mali" aliyekata shamba vipande. Kila anayeandikishwa achangie mfuko wa fidia. Rejista iwe wazi kwenye simu, bure, jina na picha na adhabu zake. Kwenye bodi wathamini na wapimaji wawe na viti, vyama vyao viwe na sauti, lakini wengi wawe watu wasioishi kwa kamisheni, na wawepo wanunuzi. Mmoja wao awe wa diaspora, maana tunaambiwa kila mwaka kwamba sisi ni mkoa mwingine wa nchi.

Na vyama? Vifanye vinachoweza kabla sheria haijaja. Kinachoanza leo kutangaza hadharani majina ya iliowafukuza, pamoja na sababu, kitakuwa kimenisaidia kuliko vyeti mia. Kingine kinaweza kuwalazimisha wanachama wake wakate bima na kufungua akaunti za amana hata kama hakuna sheria inayowataka. Nilimwandikia kiongozi mmoja wa chama cha namna hiyo nikimuuliza wanachama wangapi wamewahi kufukuzwa kwa kudhulumu mteja. Alinijibu kwa upole kwamba mambo ya nidhamu ni ya ndani.

Yule mama nilimsindikiza hadi kituo cha gari la umeme pale Dundas na Parliament. Alikuwa na fomu ya kampuni mkononi, haijajazwa. Akaniuliza, "Mwanangu, wewe ungelipa?" Nikamwambia asilipe chochote mpaka mtu wake mwenyewe, si wa kampuni, aende ofisi ya ardhi akafanye upekuzi wa namba ya kiwanja na aone jina la nani liko pale, na kwamba akilipa, alipe kupitia wakili anayeweza kumpata kwenye orodha ya mawakili, kwa sababu wakili angalau ana pa kushitakiwa. Na aiulize kampuni akaunti ya amana iko benki gani. Akaniambia hilo la mwisho ameshawauliza, wakati wengine wanakunywa chai.

"Wakasemaje?"

"Wamenipa namba ya simu ya mkononi," akasema. "Niitumie humo humo."